Tuwasifu Magwiji wa Sinema kwa Macho Yaliyo Wazi

Miaka kadhaa iliyopita, muda mfupi kabla ya kustaafu ualimu, nilialikwa na wanafunzi wa shule moja ya upili niwazungumzie kuhusu magwiji wa sinema za kale. Walikuwa wameunda chama chao cha filamu, na mlezi wa chama hicho aliamini kwamba mtu aliyezitazama picha hizo tangu ujana wake hangekosa la kuwaambia. Nilikwenda kwa furaha kubwa. Nilichagua kuzungumza juu ya John Ford, mwelekezi wa Marekani aliyetunukiwa tuzo ya Oscar ya uelekezaji bora mara nne, idadi ambayo hakuna mwelekezi mwingine aliyeifikia hadi leo. Nilimsifu kwa muda wa nusu saa nzima. Kisha, nikidhani kwamba nitawafurahisha vijana hao zaidi, niliwaonyesha sehemu fupi ya filamu yake iitwayo Mogambo, iliyotolewa mwaka wa 1953, kwa kuwa sehemu kubwa ya mandhari yake ilipigwa picha hapa Kenya na katika nchi jirani.

Sehemu hiyo ilipokwisha, msichana mmoja wa Kidato cha Tatu aliinua mkono.

"Mwalimu," akauliza, "yule mwanamume aliyebeba mzigo katika msafara anaitwa nani?"

Nilimjibu kwamba mhusika huyo hakupewa jina katika hadithi.

"Simuulizii mhusika, mwalimu. Namuulizia mwigizaji."

Sikuwa na jibu. Wenzake walicheka kidogo, nami nikageuza mazungumzo kama sisi walimu tujuavyo kufanya tunapobanwa. Lakini niliporudi nyumbani niliichunguza orodha ya waigizaji. Clark Gable yumo, Ava Gardner yumo, Grace Kelly yumo, na Waingereza walioigiza sehemu ndogo ndogo wamo pia. Waafrika nao wamo, ila kwa namna ya ajabu: wametajwa Wasamburu wa Kenya, Wahaya wa Tanganyika, na jamii nyingine za Kongo ya Wabelgiji na Afrika ya Ikweta ya Wafaransa. Makabila yameandikwa, watu hawakuandikwa.

Swali la msichana yule halijaniondoka akilini. Nawaandikia walimu na wanafunzi leo kwa sababu naamini kwamba kwa swali hilo moja alitufundisha namna ya kuwasifu wasanii wakubwa vizuri zaidi kuliko nilivyofanya mimi kwa hotuba yangu ndefu. Mimi nilikuwa nashabikia. Yeye alikuwa anatazama.

Hebu tujiulize: katika mazungumzo yetu ya kila siku, sifa tunazowapa waelekezi na waigizaji maarufu huwa ni zipi? Aghalabu huwa ni hesabu tu. Fulani alishinda tuzo ngapi, fulani alilipwa fedha kiasi gani, fulani alikuwa mrembo kuliko wenzake wote. Katika darasa la fasihi hatumvumilii mwanafunzi anayeandika kwamba riwaya ni nzuri kwa sababu mwandishi wake anajulikana sana. Tunamdai ushahidi. Tunamuuliza dhamira ni ipi, mbinu ni zipi, wahusika wamejengwa vipi. Mbona basi tunapofika kwenye sinema tunaziweka kando kanuni hizo zote? Filamu ina fani na maudhui kama ilivyo tamthilia, na aliyeiunda ana haki ya kusomwa kwa makini kama alivyo mtunzi wa tamthilia.

Napendekeza maswali matatu ambayo kila mtazamaji, awe mwalimu au mwanafunzi, anaweza kujiuliza kabla hajafungua kinywa kumsifu msanii. La kwanza: msanii huyu alichagua nini? La pili: alifanya kazi na nani? La tatu, ambalo ndilo la msichana wetu: ni nani aliyeachwa bila jina?

Nianze na la kwanza, na mfano wa Charlie Chaplin. Wengi wetu tunamjua kwa kofia yake, fimbo yake na viatu vyake vikubwa, na wanafunzi humwita mchekeshaji kana kwamba neno hilo lina maana ya mtu asiye na uzito. Chaplin alizaliwa mwaka wa 1889, akakulia London katika ufukara, na akiwa na umri wa miaka saba aliwekwa katika makao ya maskini. Aliijua njaa kabla hajaijua kamera. Mwaka wa 1931 alitoa filamu ya City Lights, yaani Taa za Mjini. Wakati huo filamu zenye mazungumzo, zilizoanza kutia fora mwaka wa 1927, zilikuwa zimekwisha kulishika soko. Chaplin alikataa kuzifuata. Filamu yake ina muziki, aliouandika mwenyewe, lakini wahusika wake hawasemi. Huo ulikuwa uchaguzi wake wa kwanza, nao ulihitaji ujasiri.

Kisa chenyewe chahusu mzururaji fukara na msichana kipofu auzaye maua kando ya barabara. Msichana anamdhania fukara huyo kuwa tajiri. Hapo ndipo Chaplin alipokwama. Kipofu atamdhanije mtu asiye na kitu kuwa tajiri, na mtazamaji ataelewaje kosa hilo ilhali hakuna anayezungumza? Alilirudia tukio hilo mbele ya kamera zaidi ya mara 300, na filamu nzima ikamchukua zaidi ya miaka miwili. Ufumbuzi alioupata ni mwepesi kiasi kwamba mtu aweza kuutazama bila kuuona. Mzururaji, akimkwepa polisi, anaingia katika gari la kifahari lililoegeshwa na kutokea upande wa pili. Mlango wa gari unafungwa. Msichana ausikiapo mlango huo, anaamini kwamba bwana mkubwa ameshuka, na anamnyoshea ua. Katika filamu isiyo na mazungumzo, kisa kizima kinasimama juu ya sauti ya mlango ambayo mtazamaji huielewa kwa macho.

Mwishoni msichana amepata kuona. Hamjui fukara aliyesimama mbele yake, hadi anapomtilia sarafu mkononi na vidole vyake vikautambua mkono ule. Mwigizaji Virginia Cherrill hafanyi jambo kubwa hapo. Anagusa tu, kisha uso wake unabadilika polepole. Mwanafunzi aliyeonyeshwa tukio hilo na kuelezwa lilivyojengwa hatasema tena kwamba Chaplin alikuwa mtu wa mzaha.

Mfano wangu wa pili unatoka Japani. Mwaka wa 1952 Akira Kurosawa alitoa filamu ya Ikiru, maana yake Kuishi. Mhusika mkuu, mzee Watanabe, ni mkuu wa idara katika ofisi za jiji. Kwa takriban miaka 30 ameketi nyuma ya rundo la makaratasi akigonga mihuri bila kufanya lolote la maana. Akina mama wa mtaa mmoja wanaomba kidimbwi cha maji machafu kifukiwe ili watoto wao wapate uwanja wa kuchezea. Wanatumwa idara hii, wanatumwa idara ile, mpaka wanajikuta wamerudi pale pale walipoanzia. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa zaidi habari za "njoo kesho". Kisha Watanabe anagundua kwamba ana saratani ya tumbo na kwamba amebakiza miezi michache tu. Baada ya kuhangaika, anaamua kuitumia miezi hiyo kuujenga uwanja ule.

Mwelekezi wa kawaida angetuonyesha shujaa akihangaika, akishinda, kisha akifa machozi yakitutoka. Kurosawa alichagua njia nyingine. Filamu ingali mbali na mwisho, anatuambia kwamba Watanabe amekufa. Sehemu yote iliyobaki inatokea matangani, ambako maofisa wenzake wameketi, wanakunywa na kubishana juu ya nani hasa anayestahili sifa za uwanja huo. Wakubwa wanajitwalia sifa. Wadogo wanaitikia. Polepole, kwa kumbukumbu za mmoja mmoja, ukweli unatokeza, na tunamwona mzee ameketi juu ya pembea katika uwanja wake, theluji ikianguka, akiimba kwa sauti ya chini. Waliolewa wanaapa kwamba watafuata mfano wake. Siku ya pili ofisini, mambo ni yale yale. Kwa kuupanga upya mfuatano wa matukio, Kurosawa ametuhamisha kutoka katika huzuni na kututia katika hukumu. Tunajiuliza sisi wenyewe tungekuwa upande gani wa chumba kile.

Naye mwigizaji Takashi Shimura, aliyemwigiza Watanabe, anastahili kutazamwa kama tunavyomsoma mshairi. Mgongo wake umeinama, sauti yake haitoki vizuri kooni, macho yake yamekodoka kama ya mtu anayesikiliza jambo la mbali. Miaka miwili baadaye, mnamo 1954, Kurosawa alitoa Samurai Saba. Mtazame kiongozi wa mashujaa hao: amenyoka, ametulia, na watu wanamfuata kwa sababu hababaiki. Ni Shimura yule yule. Ulimwengu ulimshangilia zaidi Toshiro Mifune, aliyeigiza katika filamu 16 za Kurosawa baina ya 1948 na 1965, na kwa hakika alistahili. Lakini Shimura alionekana katika filamu nyingi zaidi za mwelekezi huyo, na wapo watu wanaompenda Kurosawa ambao hawawezi kulitaja jina lake.

Hapo tumekwisha kulifikia swali la pili: alifanya kazi na nani? Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na hakuna sanaa inayouthibitisha usemi huo kama sinema. Chukua mfano wa Orson Welles. Alikuwa kijana wa miaka 25 alipoanza kutengeneza Citizen Kane, iliyotolewa mwaka wa 1941 na ambayo kwa miongo mingi wahakiki wengi wameihesabu kuwa miongoni mwa filamu bora kabisa duniani. Hakuwa ameelekeza filamu ndefu ya Hollywood kabla ya hapo. Alijifunzaje? Mwenyewe alieleza kwamba aliitazama filamu ya John Ford iitwayo Stagecoach, ya mwaka wa 1939, mara kama 40 hivi, huku akiwauliza mafundi wa studio jambo hili lilifanywaje na lile lilifanywa kwa nini. Hiyo ndiyo sifa aliyompa Ford. Hakumwandikia utenzi, alimsoma.

Na alipomaliza filamu yake, Welles alifanya jambo jingine ambalo nalipenda kuliko yote. Mpigapicha wake alikuwa Gregg Toland, fundi aliyejua kuifanya kamera ione kwa uwazi kitu kilichoko mbali na kilichoko karibu kwa wakati mmoja, hata mtoto anayecheza kwenye theluji nje ya dirisha akaonekana sawasawa na watu wazima wanaoamua maisha yake ndani ya nyumba. Welles aliliweka jina la Toland pamoja na lake katika ubao mmoja wa majina mwishoni mwa filamu. Kijana aliyekuwa akiitwa mteule wa miungu alikiri hadharani kwamba hakuwa peke yake.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Raj Kapoor wa India. Filamu za Kihindi zilipendwa mno katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki, na Awaara ya mwaka wa 1951 ilikuwa miongoni mwa zilizopendwa kupita kiasi. Watu wasioelewa neno moja la Kihindi walitoka katika majumba ya sinema wakiimba nyimbo zake. Raj Kapoor aliielekeza na kuiigiza mwenyewe. Alimvika mhusika wake mzururaji mwendo na haiba inayomkumbusha mtazamaji Chaplin, kwa hiyo kijana wa Zanzibar au Mombasa aliyempenda Raj alikuwa akimpenda pia mtoto yule wa London, kwa kupitia Bombay.

Hebu sasa tuulize majina. Hadithi iliyoulizia iwapo mtoto wa mwizi lazima naye awe mwizi iliandikwa na Khwaja Ahmad Abbas akishirikiana na V. P. Sathe. Hakimu mkali anayeamini kwamba tabia hurithiwa kwa damu aliigizwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj, nasi twatazama baba na mwana wakipambana tukijua kwamba ni baba na mwana kweli. Kamera ilikuwa ya Radhu Karmakar. Muziki ulikuwa wa Shankar na Jaikishan. Na sauti ile tuliyoiimba barabarani haikuwa ya Raj Kapoor kamwe. Ilikuwa ya Mukesh. Nargis alipofungua kinywa aimbe, aliyeimba alikuwa Lata Mangeshkar. Je, hayo yanampunguzia Raj heshima? Hata kidogo. Kuwapata watu kama hao, kuwapatanisha na kuwafanya waonekane mtu mmoja ni kipawa kikubwa. Lakini mtu anayemsifu Raj kwa sauti ya Mukesh hajui anachokisifu.

Nafika sasa katika swali la tatu, lililo gumu kuliko mengine, na ambalo linanirudisha kwa John Ford. Mwaka wa 1940 Ford alitoa The Grapes of Wrath, kutokana na riwaya ya John Steinbeck. Ni hadithi ya wakulima wa Oklahoma wanaofukuzwa katika mashamba yao. Kuna tukio ambalo mkulima mmoja, aliyeigizwa na John Qualen, anachuchumaa na kuushika udongo wa shamba ambalo wazee wake walizaliwa na kufia humo, huku trekta likija kuibomoa nyumba yake. Ana bunduki, lakini hajui ampige nani, kwa maana dereva wa trekta ni mtoto wa jirani, na nyuma yake kuna kampuni, na nyuma ya kampuni kuna benki. Sijaona katika sinema maelezo bora zaidi ya uchungu wa mtu anayenyang'anywa ardhi. Mpigapicha alikuwa Toland yule yule.

Miaka 12 baadaye mwelekezi huyo huyo alikuja Kenya. Hali ya hatari ilitangazwa hapa Oktoba 20, 1952, na Mogambo ilipigwa katika miezi iliyofuata. Watu walikuwa wakipigana, wakifungwa na kufa kwa ajili ya ardhi. Mtu aliyewapa wakulima wa Oklahoma majina, nyuso na hasira alifika mahali ambapo hadithi kama ile ilikuwa ikitokea mbele yake, akaielekeza kamera kwa mwindaji wa Kizungu na wanawake wawili wanaomgombania. Wenyeji wakawa wachukuzi na wapiga makasia. Wakawa sehemu ya mandhari, pamoja na twiga na machweo ya jua.

Tufanyeje basi? Wako watakaosema kwamba filamu za aina hiyo zitupwe na majina ya waliozitengeneza yasitajwe mbele ya watoto wetu. Wako wengine watakaosema kwamba gwiji ni gwiji, na kwamba si adabu kumhukumu mtu wa zamani kwa mizani ya leo. Mimi nazikataa rai hizo mbili. Wa kwanza watatunyima tukio la yule mkulima na udongo wake, ambalo mtoto wa Kenya ana haki nalo pengine kuliko mtoto wa California. Wa pili wanatutaka tufumbe macho, na sinema ni sanaa ya macho. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Tumsifu Ford kwa alichokiona, na tumlaumu kwa alichokataa kukiona. Tena alichokiona mwaka wa 1940 ndicho kinachotuonyesha ukubwa wa kosa la mwaka wa 1953. Asiyeijua kazi yake bora hawezi hata kumlaumu ipasavyo.

Wakati huo huo kulikuwa na Mwafrika aliyekuwa akijiandaa kulijibu swali la msichana wetu. Ousmane Sembène wa Senegal alizaliwa mwaka wa 1923, akafanya kazi ya kupakua shehena bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya mashuhuri. Walimu wengi wa fasihi wanamjua kwa riwaya yake juu ya mgomo wa wafanyakazi wa reli. Lakini aligundua kwamba wengi wa watu aliowaandikia hawakuweza kusoma Kifaransa. Akiwa anakaribia umri wa miaka 40, alikwenda Moscow kusomea utengenezaji wa filamu. Ikumbukwe kwamba tangu mwaka wa 1934 utawala wa Ufaransa ulikuwa na amri iliyomlazimu kila aliyetaka kupiga filamu katika makoloni yake ya Afrika kupata kibali kwanza. Kwa Mwafrika, kushika kamera lilikuwa jambo la kuombea ruhusa.

Filamu yake ya mwaka wa 1966 inaitwa La Noire de..., yaani Mwanamke Mweusi wa..., na jina linaishia kwenye vitone, kama kwamba mwanamke huyo ni mali ya mtu. Ni mtumishi wa nyumbani aliyechukuliwa Dakar na kupelekwa Ufaransa kwa ahadi ya kulea watoto, kisha akageuzwa mpishi, dobi na mfungwa. Katika filamu za wakubwa mtu kama huyu angebeba sinia na kutoka. Sembène alimweka katikati ya picha na kumpa jina: Diouana. Aliyemwigiza ni Mbissine Thérèse Diop, ambaye hakuwahi kuonekana katika filamu kabla ya hapo. Anatembea jikoni kwa madaha, amevaa nguo zake nzuri, na bibi wa nyumba anachukia kwa sababu nguo hizo zinamkumbusha kwamba anayemtuma ni mtu. Mwisho wake ni wa kuhuzunisha sana, na mwalimu anayetaka kuionyesha filamu hiyo aitazame peke yake kwanza.

Lakini hata Sembène hatumwachi apite bila kuulizwa. Sauti ya mawazo ya Diouana, isemayo Kifaransa sanifu, si ya Diop. Ni ya Toto Bissainthe, msanii kutoka Haiti. Mwelekezi mwenyewe aliliona pengo hilo la lugha, na miaka miwili baadaye, mnamo 1968, alitoa Mandabi, ambayo wahusika wake wanazungumza Kiwolof. Msanii mkubwa hupokea masahihisho kutoka katika kazi yake mwenyewe.

Najua walimu watanilalamikia. Silabasi ni ndefu, mitihani iko mlangoni, vifaa ni haba, na wanafunzi wanapiga miayo waonapo picha isiyo na rangi. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini dawa ipo. Si lazima filamu nzima itazamwe. Tukio moja la dakika tano latosha kwa somo moja, na filamu nyingi za enzi ya kimya zinapatikana katika intaneti bila malipo. Litazamwe mara mbili, mara ya pili bila sauti, na wanafunzi waeleze kila walichokiona kabla ya kueleza walichokipenda. Waulizwe kamera ilikuwa wapi na kwa nini. Kisha wasome majina yote yanayopita mwishoni, yale ambayo sisi huyatumia kama ishara ya kuvaa makoti. Atakayefanya hivyo hatakuwa ametoka nje ya silabasi. Atakuwa amewafunza vijana uhakiki, na uhakiki huo utawafaa watakapoirudia tamthilia yao ya mtihani. Utawafaa zaidi watakapokaa mbele ya picha nyingi wanazomiminiwa kila siku kwenye simu zao, ambazo hazina mwalimu wa kuwauliza lolote.

Mwaka uliofuata ziara yangu ile, mlezi wa chama aliniarifu kwamba wanafunzi wake walikuwa wametengeneza filamu fupi kwa ajili ya mashindano ya shule. Hawakushinda. Waamuzi walilalamika kwamba orodha ya majina mwishoni ilikuwa ndefu mno ikilinganishwa na filamu yenyewe. Wanafunzi walikuwa wamemwandika kila mtu: aliyeshika taa, aliyeshona nguo, mpishi wa shule aliyewapikia chai, na mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliyepita mbele ya kamera akiwa na mkokoteni wake. Walimfuata mzee huyo hadi nyumbani kwake wakamuuliza jina.

Mcheza kwao hutunzwa, lakini huwezi kumtunza mtu usiyemjua jina.